Njia Kumi na Tisa

Simu ya Nkwimba iliita nikiwa na kichwa cha bibi harusi mkononi,
nusu kimesukwa, nusu kama shamba linalongoja jembe.
"Mama, funga saluni. Beba vitana vyote, njoo Bugando."
Ukiitwa Bugando kwa haraka, utawaza nini?
Nikapanda kilima na mafuta ya nazi kwenye pochi
na sala ambazo sikuzimaliza.

Kumbe hakuna aliyekufa.
Chumba kidogo, feni, vijana sita wenye makoti meupe
ambao ningeweza kuwatuma chumvi dukani,
na mashine ambayo, waliniambia, husikiliza ubongo.
Kitini yupo Holo, mtoto wa Igombe, miaka tisa,
amesukwa twende kilioni, zimebana kama mkeka mpya.
"Vidude hivi vinataka ngozi," Nkwimba akasema.
"Viko kumi na tisa. Vikikalia nywele, tunasikia nywele."

Mwenzake, Ng'wandu, kijana wa shahada ya pili,
alikuwa ameshika mkasi.
Nilimtazama mpaka akauweka mezani.

Mashine ile imetoka mbali.
Aliyeiunda hakuwahi kukalia kigoda cha Kirumba
akavutwa kisogo, akaambiwa tulia, urembo unauma.
Nikasema, nipeni mchoro wenu.
Wakanipa kichwa cha karatasi chenye nukta.
Ah! Hivi tu?
Nikafumua, nikanyunyiza maji, nikachana njia
toka paji la uso hadi kisogoni,
toka sikio hadi sikio,
na kila nukta nikaiacha wazi, ngozi inang'aa
kama majabali ya Igogo mvua ikikatika.

Holo hakulia. Aliniuliza tu kama siogopi povu.
Nani kakwambia povu linaambukiza?
"Wote."
Darasani ana dawati la peke yake. Nyumbani, kikombe cha peke yake.

Mimi nami niliwahi kumtengea mtu kikombe.
Mdogo wangu, Sayi. Cha bati, cha bluu.
Hilo sikulisema mle ndani.

Kioo kikaanza kuandika.
Nilitegemea kuona mawazo, labda sura ya mama yake;
niliona nyuzi, kumi na tisa, zinatetemeka, zinakwenda.
Mara nyuzi tatu zikaruka pamoja
kama dagaa wakiurukia mwanga wa karabai.
"Hapa," Nkwimba akaweka kidole. "Inaanzia hapa.
Si pepo, Mama, ni umeme umepotea njia. Dawa ipo."
Na aibu, inaanzia wapi? Nionyeshe na hiyo.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Bado hatujui. Ndiyo maana wanatutafuta."

Maana wanatafutwa, vijana hawa.
Barua yake ilikuwa imekunjwa kwenye daftari:
miaka minne ya kusomea ubongo, nauli, posho,
nafasi tatu tu kwa nchi zote zilizolizunguka ziwa.
Nusu atakaa huko kwenye baridi, nusu hapa, kameomba kenyewe.
Na kwenye bajeti, chini ya jeli na betri,
kameandika mstari mmoja: msusi.
"Mtaalamu wa maandalizi ya kichwa," Ng'wandu akarekebisha,
bado anauonea haya ule mkasi.
Niliwaambia waandike msusi. Na waandike bei.

Nilirudi Kirumba giza limeingia.
Bibi harusi amesinzia kitini, nusu kichwa,
shangazi zake wamenuna mpaka mashavu yamejaa.
Nikaomba radhi, nikashika kitana,
nikagusa utosi wake, vidole vikasita.
Miaka ishirini na saba nasuka juu ya paa la watu,
na chini yake taa zinawaka usiku kucha,
na sijawahi hata siku moja kubisha.

Hodi, nikasema, kimoyomoyo.
"Umesemaje?" akauliza, usingizini bado.
Hakuna. Nimekaza sana?
"Kidogo."
Nikalegeza.